Watu Wanaolala Silgadi

Posta Ndogo ya Silgadi, Tehri
2 Septemba 2004

Kwa Binti Nandita Purkayastha,
Idara ya Jiografia, Dehradun

Mheshimiwa Binti,

Kwa mamlaka niliyopewa na Posta, ambayo jumla yake ni muhuri mmoja, mizani moja na kiti cha miguu mitatu na nusu, ninatangaza habari nzito ifuatayo: msimu huu hapa Silgadi halijaibiwa tango hata moja.

Najua huko mjini mtasema ni heri. Huku ni msiba. Tangu enzi za mababu kazi ya matango ya mvua ni kuibwa. Watoto wana wajibu wa kuyaiba, na mwenye shamba ana wajibu wa kupanda juu ya paa na kuwatukana hadi kizazi cha saba. Mimi mwenyewe nimewahi kuiba ya marehemu baba yangu, nikayala nimesimama kando yake huku tukimlaani mwizi kwa pamoja. Mwaka huu yamezeekea shambani, manjano, makubwa kama vichanga. Mke wangu Sobati alipanda paa jioni tatu mfululizo na matusi yake tayari, akateremka nayo yote. Anasema yamemchachia kinywani.

Fomu yako nimeipokea. Umefanya vyema kuwaandikia wakuu wa posta, maana sisi hujua nani yupo na nani kaondoka kabla hata mama yake hajajua. Swali la nne linauliza vijana wameongezeka au wamepungua kwa miaka kumi. Nimelijibu hapo juu. Swali la kwanza, la idadi ya wakazi, nimeliacha wazi kwa kuwa kalamu iliishiwa wino.

Wako mtiifu,
Makan Singh Kaintura
Mkuu wa Posta Ndogo (na karani wake, na tarishi wake)


Dehradun
15 Septemba 2004

Mheshimiwa Kaintura-ji,

Salamu kwako na kwa mama mwenye matusi. Barua yako niliisoma kwa sauti ofisini, na profesa wangu, ambaye hajacheka tangu sensa iliyopita, alitoka nje kwa muda.

Ila nimeshangaa. Kalamu iliyoishiwa wino kwenye swali la kwanza imeandika ukurasa mzima kwenye la nne.

Nisikufiche jambo, kwa hiyo naliandika wazi. Tunahesabu vijiji arobaini vya milimani, nani amebaki na nani amehama. Ofisi ya elimu inangoja takwimu zetu hadi mwisho wa Februari. Shule yenye wanafunzi wasiofika kumi itafungwa mwezi wa Aprili na watoto wahamishiwe kijiji jirani. Kwenu jirani ni Thaldhar, ng'ambo ya korongo. Kanuni hiyo siyo yangu, lakini namba zitakuwa zangu, na napenda ziwe za kweli.

Nitakuja na wanafunzi wangu wawili Oktoba, wiki ya pili. Hatuhitaji makuu, mahali pa kulala tu.

Wako kwa heshima,
Nandita Purkayastha


Silgadi
28 Septemba 2004

Binti yangu,

Oktoba haifai hata kidogo. Njia imekatwa na maporomoko. Isitoshe kuna dubu. Isitoshe ni mavuno ya ulezi, na mtu akiwa na mundu mkononi hahesabiki vizuri. Njoo Jumamosi ya tarehe 11 Desemba. Ni siku ya kawaida kabisa, haina lolote.

Umekuwa mkweli nami, basi nikulipe robo ya ukweli, nyingine utanidai. Mwanangu wa pekee ni mpishi hotelini Gurgaon. Mkewe, Vimla, tunaishi naye hapa pamoja na mjukuu wetu Kusum, miaka saba. Kwa desturi yetu mimi na mkaza mwanangu hatusemeshani ana kwa ana. Ni miaka tisa sasa. Akiwa na la kuniambia humwambia nyati nikiwa karibu, nami nikiwa na jibu humjibu nyati. Nyati wetu anajua siri kuliko wakili.

Basi wiki iliyopita, akikamua, Vimla alimwambia nyati: "Shule ya hapa ikifungwa, mimi na Kusum tutahamia Rishikesh tupange chumba. Mtoto wa miaka saba hawezi kuvuka korongo kila siku. Namwambia mapema, asije akasema hakuambiwa."

Nyati akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nyumba yetu ina vyumba tisa, Binti. Ukitoa hao wawili tutabaki Sobati na mimi, tukitafutana.

Wanafunzi wa shule? Wapo. Njoo utawaona.

Makan Singh


Dehradun
21 Desemba 2004

Chachaji,

Niruhusu nikuite hivyo, baba mdogo, maana baada ya mikate niliyosukuma jikoni kwa Mama Sobati siwezi tena kukuita mheshimiwa.

Hesabu yetu ni hii: watu mia mbili arobaini na watatu. Watoto wa umri wa shule, sitini na mmoja. Katika vijiji vyote thelathini na saba nilivyokwisha kupita, vikubwa zaidi vilikuwa na watu sabini. Katika kimoja niliona vibibi viwili tu wakigombea jua. Kwenu nimekuta ngoma mbili zikishindana, mbuzi watano wakipikwa, na mzee wa miaka themanini akiruka moto. Nikamuuliza kijana mmoja ni sherehe gani hii, akaniambia, "Hakuna sherehe, dada. Jumamosi zetu ndivyo zilivyo."

Nilifurahi sana, Chachaji. Yapo machache tu yananisumbua, labda utanisaidia.

Kwanza, mkulima aliyevaa viatu vinavyong'aa nilimuuliza ana jozi ngapi za ng'ombe wa kulimia. Akanijibu, "Za kutosha," huku amekalia nira akidhani ni benchi. Pili, mama mmoja hakujua chumvi inakaa wapi nyumbani kwake. Tatu, watoto wanane waliniuliza choo kiko wapi, mimi mgeni.

Nne ndilo hasa. Kulikuwa na watu waliokuwa wakipasua kuni na kuteka maji kutwa nzima. Hawakucheza. Nilipomfuata mmoja na fomu yangu, mwenyeji akanishika mkono: "Hao usiwaandike, dada, si watu wa hapa." Mbona walijua kila kitu kilipo, hata chumvi?

Ripoti naianza baada ya mwaka mpya.

Nandita


Silgadi
9 Januari 2005

Binti yangu,

Maswali yako ni mepesi. Yule wa viatu ni mkulima wa kisasa. Yule mama hali chumvi, ana shinikizo la damu. Na watoto siku hizi hawana kumbukumbu, walimu wamelalamika sana.

La nne sikulielewa vizuri.

Kuhusu hiyo mia mbili arobaini na tatu, ukiona ni nyingi mno waweza kuipunguza kidogo. Mimi si mtu wa makuu. Juzi ofisi ya wilaya imenitumia madawati ishirini yaliyopakiwa kwenye nyumbu kumi, kwa kuwa mmoja wenu ameropoka kwao kuhusu watoto sitini na mmoja. Mwalimu Uniyal, ambaye yuko peke yake pale shuleni, aliyatazama madawati, akanitazama mimi, akasema, "Makan-ji, haya nayo tuyafundishe?"

Sobati hanisemeshi tangu ulipoondoka. Alisema neno moja tu: "Mtoto wa watu amesukuma mikate yetu, nawe umemlisha uongo." Halafu akaenda kulala upande wa pili wa nyumba, ambako, kama nilivyokwambia, vyumba vipo.

Baridi ni kali. Vaa sweta.

Makan Singh


Dehradun
24 Januari 2005

Chachaji,

Sweta nimevaa.

Sasa nami nikulipe deni langu. Siku ile ya ngoma, mtoto mmoja mwenye miwani alinivuta kanzu akanieleza kwamba wao wanarudi Delhi Jumatatu kwa kuwa ana mtihani wa hesabu, na kwamba babu wa posta amewaambia wakiulizwa wanaishi wapi waseme "nyumbani". Jumatatu asubuhi gari letu lilipasuka gurudumu pale njia panda. Tukakaa juu ya jiwe saa mbili nzima, na kijiji chako chote kikatupita. Magari kumi na manne, Chachaji. Yule mkulima wa kisasa alinipungia mkono.

Kwa hiyo nilijua siku zote. Nilikuandikia ile barua ya Desemba nikitumaini utacheka na kuniambia. Badala yake ukanipa shinikizo la damu.

Sikukasirika, ila niliumia kidogo. Nimefanya kazi hii miaka mitano. Kila kijiji ninachohesabu, naandika mwisho wake. Kwako nilitamani sana kuandika kingine, na nusura nijidanganye mwenyewe.

Siwezi kuandika 243. Siwezi pia kukisia. Naomba kutoka kwako barua moja ya kweli: wangapi wanalala Silgadi usiku wa kawaida, na wangapi wanakwenda shule. Nitaandika utakachoniambia, hata kikifunga shule. Siahidi kheri. Na swali langu la nne, la wale wapasua kuni, bado halijajibiwa.

Nandita


Silgadi
12 Februari 2005

Binti yangu Nandita,

Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Kila mwaka wa sita mungu wa ukoo wetu hutolewa nyumbani mwake. Kila mtoto wa ukoo, awe Delhi awe Dubai, anatakiwa aje na mke na watoto, la sivyo mungu humuulizia kwa jina mbele ya watu. Mwaka wa sita uliangukia Desemba. Nilipopata barua yako ya Septemba niliandika kadi za posta sabini na moja kwa mkono wangu, nikazipiga muhuri wangu, kuwahimiza wasikose hata mmoja na wawahi tarehe kumi. Lile la kusema "nyumbani" niliwafundisha watoto tu. Wakubwa walilisema wenyewe bila kufundishwa, na wawili walilia walipolisema. Hilo sikukudanganya.

Ulipokuwa jikoni, mungu alimpanda kichwani mzee wetu, yule uliyemwona akiruka moto. Akanijia moja kwa moja, akanishika sikio. "Makan, hawa umeniitia mimi au umemwitia binti wa makaratasi?" Nikasema nimemwitia yeye. Akanivuta sikio zaidi. Watu wote wakacheka, na wewe ukauliza jikoni kuna nini, ukaambiwa postamasta ameumwa na nyuki.

Barua yako ya Januari niliisoma uani, kwa sauti, kwa sababu Sobati hajui kusoma na nilitaka anisamehe. Sobati alikuwa akipepeta. Vimla alikuwa akikamua. Nilipofika kwenye swali la nne, Vimla akaacha kukamua.

"We nyati," akasema, "mwambie mtu fulani kwamba amewatoa watu mia mbili Delhi waje walale siku mbili, na waliolala hapa miaka minne hakuwaona."

Nikamwambia nyati, "Muulize ni kina nani hao."

"Mwambie barua zao anazipeleka yeye mwenyewe."

Nyati alikuwa akitafuna. Mimi nilisimama na barua yako mkononi, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu wa miaka ishirini na sita nikauonea aibu muhuri wangu.

Maana ni kweli. Kule vitongoji vya chini, kwenye nyumba ambazo wenyewe wamezifunga, wanaishi watu kutoka Kalikot, Nepal. Waliikimbia vita ya kwao. Wanalima mashamba yaliyoachwa, wanapasua kuni, wanachunga. Kila mwezi huwateremkia na barua zao. Najua mama yake Padam Rokaya, mmoja wao, anaumwa macho. Najua dada yake ameolewa. Ila uliponiuliza wakazi ni wangapi, hawakunijia kichwani hata mara moja. Husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tuliwapa siku ya kwanza, kisha mwaka wa nne bado tunawaita wageni.

Hapo nikasahau desturi. Nikamgeukia mkaza mwanangu. "Vimla, wenye umri wa shule ni wangapi?"

Sobati aliacha ungo ukaning'inia. Vimla akavuta mtandio hadi puani, halafu akanijibu mimi, si nyati. "Saba, baba. Mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Kuhesabu hadi mia anajua, na kusoma anajua. Nawafundisha mimi mchana, ninaposema nakwenda kukata majani."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliwauliza wa Delhi."

"Na Rishikesh?"

"Mtu anayetaka kwenda Rishikesh humwambia nyati, baba? Si angekwenda tu. Nilikuwa nangoja kuna mtu aniambie nisiende."

Sobati akasema, "Usiende, mwanangu," kabla sijafumbua mdomo, na miaka tisa yote ya heshima ikaishia pale uani, kukiwa na harufu ya maziwa.

Kesho yake asubuhi niliteremka. Sikuwa na barua. Padam Rokaya aliponiona mikono mitupu akaweka shoka chini, uso umembadilika. "Nani amekufa?" akauliza. Sikuwahi kufika kwao bila barua, Binti, ndiyo maana.

"Hajafa mtu. Nimekuja kuwahesabu."

"Ili tuondoke?"

"Ili mbaki. Na watoto waje shule."

Alimtazama mkewe, Jaukala. Jaukala akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemsema mjomba wake, "Miaka minne, postamasta, unakunywa chai yetu, leo ndiyo unauliza tuko wangapi?" Nikaomba chai. Akanipa, lakini sukari alinipa nusu, na nilistahili.

Mwalimu Uniyal amepekua kitabu chake cha kanuni usiku na mchana. Kimeandikwa wazi: mtoto anayeishi hapa anaandikishwa hapa, hakuna aulizwaye alikotoka babu yake. Wapo watu wawili wa ukoo walionung'unika. Nimewaambia waje waandikishe watoto wao badala ya hao, nikawauliza wako wapi. Wakaniambia wako Ghaziabad. Basi mazungumzo yakaishia hapo.

Takwimu zako ni hizi. Nimezikusanya kwa miguu, mlango kwa mlango, na Vimla ndiye aliyeandika, kwa kuwa kalamu yake haiishiwi wino. Wa ukoo wetu wanaolala Silgadi: thelathini na wanane. Wa kina Rokaya: kumi na saba. Jumla hamsini na watano. Wanafunzi walikuwa sita tangu mwanzo, ndiyo maana nilikuficha. Tangu Jumatatu iliyopita wapo kumi na watatu, na wote wameketi kwenye yale madawati, ambayo mengine yamebaki na tunayaanikia pilipili hadi wilaya ije kuyachukua. Njoo uhakiki siku yoyote usiyoniambia. Ile 243 ifute. Au ukiona inafaa, iweke pembeni kama hesabu ya watu wanaokuja wakiitwa, maana nao ni watu, ila usiwape shule.

Wewe ulisema kila kijiji unachohesabu unaandika mwisho wake. Hiki cha kwetu sijui utakiandikaje. Kimepungua, hilo sibishi. Vyumba vyetu sita kati ya tisa bado vimefungwa, na mwanangu yuko Gurgaon akiwapikia watu wengine. Ila kuna jambo la jana ambalo fomu yako haina mahali pake, nami nakuandikia kwa kuwa nimeahidi kusema yote.

Kusum alirudi shuleni analia. Tulidhani ameanguka. Kumbe mwalimu aliwapa jaribio la kwanza la hesabu. Mjukuu wangu, aliyekuwa wa kwanza darasani miaka miwili mfululizo katika darasa la mtu mmoja, amekuwa wa pili. Binti wa Rokaya amemshinda kwa alama nne. Alilia hadi chakula cha jioni, akalia akila, na akalala akiapa kwamba wiki ijayo mwenzake huyo atakiona cha moto.

Sisi watu wazima watatu tulikaa tukimsikiliza, na hakuna aliyemnyamazisha.

Chachaji wako,
Makan Singh Kaintura